Marashi Wakati wa Eda

Mama yangu alikaa eda kama alivyofanya kila kitu maishani mwake, yaani kupita kiasi. Mjane hajitii manukato wala hajipambi, hilo kila mtu analijua. Mama akajiongezea mengine ya kwake. Hakutaka kukanyaga uwani, kwa sababu uwani kulikuwa na miwaridi, na miwaridi ilikuwa imeanza kutoa maua.

"Harufu ya ua lililo mtini haimfuati mtu chumbani," nikamwambia.

"Wewe hujui," akanijibu. "Mimi na haya maua tunajuana. Nitakwenda kunusa tu, halafu mkono utakwenda wenyewe. Niache hapa."

Nikamwacha. Mama, Bi Mwahija, hakuwa mtu wa kubembelezwa, na mimi niliyemrithi ulimi na hasira, nilijua hivyo kuliko wote.

Mtaani kwetu Mikumbi, Lindi mjini, marashi ya mama yalikuwa ni jambo la kawaida kama chumvi. Mtu akiwa na maulidi alileta chupa. Mtu akikanda unga wa vileja alituma mtoto aombe kijiko kimoja. Bibi harusi aliposuguliwa liwa, liwa ile ililowekwa kwa maji ya mama, si maji ya bomba. Wazee wenye macho yanayowasha walikuja asubuhi kuoshwa, na wenye vikohozi walipewa petali zilizosagwa kwa sukari na kuanikwa juani ndani ya chupa, mpaka zikawa nzito na nyekundu kama jamu. Sijui kama kikohozi kilipona kwa mawaridi au kwa sukari. Mimi nilikuwa nikikohoa kwa makusudi.

Miwaridi yenyewe aliileta baba. Mzee Yahya alikuwa fundi cherehani, na zamani kabla sijazaliwa aliitwa misheni moja huko juu ya Mtama akashone kanzu za mapadri. Alikaa huko mpaka kazi ikaisha, akarudi na vipandikizi vilivyofungwa kwenye gunia bichi. Mama alisema alitegemea kuletewa kitenge. Akaletewa vijiti vyenye miiba. Alikasirika, akavipanda kwa hasira hivyo hivyo, vikashika.

Tangu hapo kila Ijumaa baba alipotoka kwenda msikitini, mama alisimama mlangoni na mrashi, ile chupa ya fedha yenye shingo ndefu na matundu juu, akamrashia mabegani. Baba alijifanya anakimbia. Miaka yote hiyo alijifanya anakimbia, na miaka yote hiyo hakuwahi kufika mbali.

Alipofariki, marashi yote yaliyokuwamo ndani mama aliyatoa. Mengine yalirashiwa sandani, yaliyobaki yakamwagwa kaburini. Mrashi ulirudi nyumbani mkavu.

Harusi yangu baba alikwisha ipanga. Alipokuwa kitandani aliwaambia wote waliokuja kumtazama: ndoa ya Mastura na Twalibu isisogezwe kwa ajili yake. Kwa hiyo ikawa lazima niolewe huku mama akiwa bado yumo edani, na nyumba haina hata tone la marashi.

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Kwetu anayemrashia bibi harusi ni mama yake. Anamrashia akimwombea, ndipo binti anavuka kizingiti. Nisingerashiwa na mama, hilo tulikwisha likubali. Lakini mama alikuwa amebakiza moja ambalo hakutaka kulikubali: nitoke kwa marashi mengine.

"Utatoka na maji ya miwaridi ya baba yako," alisema. "La sivyo nitajua nimezika watu wawili."

Ilikuwa miaka ile ya rukhsa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ambako tulikuwa tukipanga foleni ya sukari, sasa yalijaa vitu mpaka barazani. Twalibu alikuwa mfanyabiashara wa mitumba pale Somanga, barabarani, na alikuwa na jamaa waliokwenda Dubai na kurudi. Sanduku la bibi harusi lilipoletwa, lilikuwa na chupa za marashi zenye picha ya waridi kubwa kuliko uso wangu. Shangazi yake, Bi Mwanaasha, aliyekuja nalo, alizipanga chupa mkekani moja moja.

"Tumesikia mna msiba na hamna nafasi ya kuhangaika na masufuria," alisema kwa upole. "Mrashieni kwa haya. Ni mawaridi pia."

Alisema kwa nia njema, nakubali. Nikafungua chupa moja, nikanusa. Ilinukia vizuri sana, tena kwa nguvu, nikapiga chafya.

Sauti ya mama ikatoka chumbani, nyuma ya pazia. "Ahsanteni sana, wakwe zangu. Yawekeni vizuri. Atayatumia huko huko kwenu."

Waliposhika njia, mama aliniita, akaniambia nimwite Mama Debora.

Mama Debora ni Helena, jirani yetu wa upande wa pili wa ua, Mmakonde, Mkatoliki, aliyehamia Lindi na mumewe Laurenti kufungua duka la vifaa vya baiskeli. Sisi ni Wamwera, na kwa sababu Wamwera na Wamakonde ni watani, Helena alikuwa na ruhusa ya kumwambia mama mambo ambayo mimi ningeyasema ningepigwa kofi. Siku ya mazishi alikaa mlangoni akidai tumlipe kwa sababu baba amekufa bila kumaliza gauni lake. Mama, aliyekuwa hajala wala kusema tangu asubuhi, alicheka. Kwa kicheko kile nampenda Helena mpaka leo.

"Shikamoo, Mama Mastura."

"Marahaba. Unajua kupika marashi?"

"Sijui. Lakini mama yangu alipika nipa ya mabibo miaka yote, na mvuke ni mvuke. Lile bomba lake la shaba ninalo. Nilete?"

"Bomba lililopika pombe limpikie mwanangu marashi ya harusi?"

"Nitalisugua kwa mchanga."

"Hata ukilisugua kwa msaafu," mama alisema, kisha akaomba toba kwa kusema vile. "Toka nalo. Tutatumia sufuria."

Wakapanga hivi: Helena na mimi tukae uwani, mama akae dirishani mwa chumba chake. Upepo wa kusi ulikuwa ukivuma, ukichukua moshi na mvuke kuupeleka upande wa pili kabisa, kwa hiyo mama angeona kila kitu bila kunusa kitu. Sufuria kubwa, maji na mawaridi. Katikati tofali safi, juu ya tofali bakuli. Mfuniko unageuzwa chali, unajazwa maji baridi. Mvuke ukipanda unakutana na ubaridi wa mfuniko, unageuka matone, unadondokea bakulini. Maji ya juu yakipata moto unayachota na kutia mengine. Kazi si ngumu. Ugumu wake ni kujua lini maji ya bakulini yamekuwa marashi, na lini yameacha kuwa marashi. Hilo linajulikana kwa pua tu, na pua yenyewe ilikuwa imekaa dirishani imejifungia.

Asubuhi ya kwanza Helena alichuma mwenyewe, kabla jua halijapanda. Alichuma kwa bidii ya mtu anayechuma kisamvu, akatia mawaridi yote sufuriani, akawasha moto. Bakuli la kwanza lilipotoka, mama aliuliza:

"Yananukia nini?"

Helena akainama. "Mazuri."

"Mazuri si harufu. Yananukia nini?"

Helena akanusa tena, akatafuta maneno. "Kama embe bichi ukilimenya."

Mama akauliza: "Ulitoa vikonyo?"

"Vikonyo vipi?"

"Vile vya kijani, vinavyoshika ua."

Helena akanitazama mimi, mimi nikatazama moto. Hakuna aliyemwambia. Mimi nimekulia nyumba ile, nimeona mama akichambua mawaridi maisha yangu yote, mkono wake ukitoa kikonyo kila ua kama mtu anayepukuchua mahindi, na haikunijia kwamba lile nalo ni jambo la kufundishwa. Wala mama hakudhani kuna mtu duniani asiyejua.

"Mwaga," mama alisema.

"Yote?"

"Yote. Hiyo ni supu."

Tukamwaga kwenye mashina ya miwaridi ile ile. Karibu maua yote yaliyokuwa yamefunguka yaliishia pale. Yaliyobaki yalikuwa vichwa vilivyojifunga, na siku ya harusi ilikuwa imefika mlangoni. Mama alifunga dirisha. Jioni nilipompelekea uji nilimkuta amelala ameelekea ukutani, na uji aliurudisha ulivyo.

Nilikasirika. Nilimwambia ni maji tu, mama, ni maji yenye harufu, na hata nikirashiwa ya Dubai ndoa itafungwa na nitaitwa mke. Hakugeuka. Alisema polepole, kwa sauti ambayo sikuizoea:

"Mtu aliyefariki, nguo zake zinagawiwa. Cherehani ya baba yako iko kwa mdogo wake. Hapa amebaki yumo kwenye ile miti. Nataka akutoe nyumbani, basi. Sijaomba kingine."

Nilikaa pembeni ya kitanda nikamkanda miguu mpaka akalala.

Nikatoka nikamwagilia miwaridi ndoo kwa ndoo. Helena akaja akanikuta, akashika ndoo ya pili bila kuulizwa. Tulimwagilia asubuhi na jioni, na alfajiri ya siku iliyotangulia harusi, vichwa vilikuwa vimefunguka. Havikuwa vingi. Tulichuma pamoja, tukakaa chini tukachambua kikonyo kimoja kimoja. Helena alikuwa akinena na maua. "Nyie ni Wakatoliki wenzangu," aliyaambia. "Mmetoka misheni. Msiniaibishe kwa hawa."

Sufuria ikawekwa. Dirisha likafunguka kidogo.

"Yananukia nini?"

"Si embe."

"Najua si embe. Nini?"

"Mama Mastura, nisaidie basi. Yanatakiwa yanukie nini?"

"Nikikwambia utasema hayo hayo niliyokwambia. Nusa."

Helena akanusa. Akafumba macho, akanusa tena. Akasema yananukia vizuri, yananukia laini, hayapigi kichwa. Mama akauliza tena, Helena akasema hajui, kuna kitu anakijua lakini hakimjii. Bakuli la pili lilipotoka alisema haya yamepungua. La tatu alikunja uso. "Kama matembele yaliyopitiliza kuiva."

"Zima moto," mama alisema. "Changanya la kwanza na la pili, hilo mwaga."

Tukapata mrashi mmoja kujaa, na kikombe cha ziada ambacho Helena alikitia kwenye shira ya kaimati za harusi. Mama alinitazama nikiuning'iniza mrashi kwenye msumari wake wa zamani karibu na mlango. Uso wake ulikuwa na shaka. Maji yalikuwa yamepatikana, lakini hakuna aliyekuwa amempa jibu alilolitaka, na yeye mwenyewe asingeweza kunusa.

Ndoa ilifungwa msikitini asubuhi, baba mdogo akaniozesha. Barabara ya Somanga wakati ule haikuwa na lami, na wakwe walitaka tuondoke mapema wasije wakalala njiani. Ndani kulikuwa na fujo ya furaha, wanawake wakipiga vigelegele kwa sauti ya chini kwa heshima ya mjane. Nilivishwa, nikatiwa wanja. Bi Mwanaasha, kwa kuwa mama asingeweza, ndiye aliyepewa mrashi. Alinirashia kichwani, mabegani, mgongoni, kifuani, kwenye mikono yote miwili. Mkono wake haukuwa mchoyo, kwa kuwa maji hayakuwa ya kwake. Nililowa.

Kisha wakanishika mkono wakanipeleka kwa mama nikamuage.

Mama alikuwa amekaa mkekani, amevaa nguo nyeupe, amekoga. Aliponiona ninavuka pazia alinyoosha mikono yote miwili. Nikainama. Nilikuwa nimebakiza hatua moja alipofungua viganja, akanizuia.

"Simama hapo hapo, mwanangu."

Mwanzoni sikuelewa. Kisha nikaona anayatazama mabega yangu, nguo ilivyolowa na kushikana na ngozi, na nikaelewa. Wote tulielewa pamoja. Chumba kizima kilikuwa kimejaa wanawake wanaojua eda na wanaojua harusi, na kila mmoja alifuata desturi aliyoizoea: bibi harusi anarashiwa, halafu anaaga. Siku zote mama mwenye mrashi na mama wa kuagwa ni mtu mmoja, kwa hiyo hakuna aliyewahi kufikiri kipi kinatangulia.

"Hakuna neno," mama alisema. "Nitakuombea hapa hapa nilipo. Piga magoti hapo." Sauti yake ilikuwa tulivu. Lakini mikono aliyokuwa ameinyoosha hakujua aipeleke wapi, akaikalia.

Watu husema siku kama ile binti analia. Mimi nilikasirika. Nilimkasirikia Bi Mwanaasha na mkono wake usio mchoyo, nikawakasirikia wote waliokuwamo, nikamkasirikia baba kwa kufa kabla ya harusi yangu. Nikageuka nikatoka hadi uwani.

"Helena! Nitilie maji."

"Maji gani?"

"Ya kuoga. Ndoo nzima. Na sabuni."

Bi Mwanaasha alinifuata mbio. "Mwanangu, una wazimu? Gari linangoja! Na wanja huo?"

Helena alikuwa amekwisha beba ndoo. "Mama mkwe," alisema, "mwambie dereva azime gari, asimalize mafuta. Bibi harusi wetu ametoka jasho."

Niliingia bafuni nikajisugua kwa mche wa sabuni ya kufulia, ule mweupe usio na manukato, nywele na yote. Wanja ukashuka mpaka mashavuni. Piko tu, ile michoro ya mikononi, ndiyo iliyosalia, kwa sababu piko haiogopi sabuni. Nikajifunga kanga niliyokuwa nikipikia, nikarudi chumbani kwa mama nikidondosha maji sakafuni, nikajitupa kifuani kwake.

Alinikumbatia kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. Akaweka pua kwenye nywele zangu zilizolowa.

"Unanuka shati la baba yako siku ya kufua," alisema, akacheka, kisha akalia, na mimi ndipo nilipolia. Tulikaa hivyo. Nje dereva alipiga honi, nikasikia Helena akimtukana kwa Kimakonde. Mama aliniombea sikioni, maneno mengine ni yangu siwezi kuyaandika. Mwishowe aliniachia yeye, akanifuta wanja kwa ncha ya nguo yake nyeupe.

"Sasa nenda ukavae. Na ukarashiwe tena. Uwani, si humu ndani."

Mrashi ulikuwa karibu mtupu. Bi Mwanaasha alipouona alishika mdomo, maskini. Helena akauchukua, akaupindua, akaupiga kitako kwa kiganja. Yakatoka matone, kidogo begani huku, kidogo begani kule, na yakaisha.

Dirisha likafunguka. Mama alisimama nyuma ya nondo, upepo wa kusi ukimpa mgongo.

"Mama Debora," aliita. "Yananukia nini?"

Helena alisogea, akainamisha uso begani kwangu. Nilidhani atafanya utani, maana siku ile alikuwa na haki ya utani kuliko siku zote. Alipoinua kichwa macho yake yalikuwa yamejaa.

"Yananukia Ijumaa," alisema. "Niko uwani kwangu nafua, na Mzee Yahya anatoka anakwenda msikitini."

Mama alizishika nondo kwa mikono miwili. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akatikisa kichwa taratibu, kukubali.

"Basi ndiyo yenyewe," alisema. "Mpelekeni, giza lisiwakute njiani."